Karatasi ya soda na yadi ya malori: jibu kwa katibu wa akina mama wa Busia

Swali: Mzee, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, tunasuka mikeka na kuiuza hapa mpakani Busia. Mafunjo tunayakata kwenye kinamasi kilicho chini ya kijiji chetu, na wakati wa kiangazi maji tunachota hukohuko. Wiki tatu zilizopita tipa zilianza kumwaga maramu upande wa barabara. Diwani wetu anasema baraza la gombolola (kata) limepitisha yadi ya malori na kwamba sisi wananchi tulishauriwa. Kumbe anamaanisha ule mkutano wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, tulipoandika majina tukapewa soda! Kwenye kinamasi kuna korongo taji, na kila mwaka jozi moja inalea vifaranga pale. Vijana wanataka tufunge barabara. Wazee wanasema serikali ikishaamua imeamua. Tufanye nini?

Jibu: Dada, tuanze na hiyo karatasi ya soda, maana inaweza kuwaumiza kuliko tipa zenyewe.

Nilifanya kazi ya mazingira katika ofisi za wilaya miaka mingi kabla sijastaafu, na karatasi za aina hiyo nimezishika nyingi. Huwa ni ukurasa wa daftari la shule, umepigwa mistari kwa rula: namba, jina, kijiji, simu, saini. Juu hakuna kichwa, au kuna neno moja tu, "Mahudhurio". Kisha safari yake inaanza. Ikifika kwa mtaalamu anayeandika ripoti ya mradi, inabandikwa mwishoni kama kiambatisho, na sasa ina kichwa kilichochapwa vizuri: orodha ya wananchi walioshauriwa. Siku moja nilikuta kwenye orodha kama hiyo jina la mama mmoja niliyemfahamu, nikampigia simu. Akaniambia alikwenda kwa sababu walitangaziwa kwamba kuna habari za vyandarua.

Kwa hiyo kabla ya korti na kabla ya redio, andikeni barua. Semeni mkutano ulikuwa tarehe gani, mahali gani, nani aliuita, mliambiwa nini, na hasa nini hamkuambiwa. Je, kuna aliyetaja yadi ya malori? Kuna aliyeonyesha ramani? Kuna aliyesema kinamasi kitajazwa? Kama hakuna, semeni hakuna. Barua isainiwe na watu walewale walioandika majina siku ile, wengi kadiri mnavyoweza kuwapata, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Isemwe wazi: saini zetu zilikuwa za kuonyesha tulihudhuria, hatukuzitoa kuridhia jambo lolote.

Nakala moja kwa mwenyekiti wa LC1, moja kwa mkuu wa gombolola, moja kwa ofisa mazingira wa wilaya, moja kwa mtendaji mkuu wa wilaya, yule mnayemwita CAO, na moja NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kila mahali mwombe karani apige muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Akikataa muhuri, mwombe aandike jina na tarehe. Akikataa na hilo, andika wewe mwenyewe palepale mbele yake: imewasilishwa tarehe fulani, saa fulani, shahidi fulani. Nimeona makarani wakibadili mawazo wakiona kalamu inatembea. Na iandikeni kwa lugha mnayoielewa, kisha mtafute mwalimu wa shule aiweke kwa Kiingereza, mpeleke zote mbili. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini faili za wilaya bado hazijapata habari hiyo.

Sasa tuje kwa diwani wako. "Gombolola limepitisha." Limepitisha nini?

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa, mito, vinamasi, hifadhi za misitu na mbuga vinashikiliwa na serikali kuu au serikali ya mtaa kwa amana ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaongeza kwamba mali hizo hazikodishwi wala haziuzwi. Kinachoweza kutolewa ni leseni au kibali cha matumizi, tena kwa kufuata sheria nyingine. Ukimwachia jirani mbuzi wako ukaenda msibani, ana haki ya kumfunga kamba na kumlisha. Hana haki ya kumuuza kwa mchinjaji, hata kama ukoo wake mzima umekaa kikao ukapiga kura. Gombolola limekaa kikao. Sawa. Lakini mbuzi si wake.

Kuna ofisi tatu au nne tofauti hapa, na mwekezaji mjanja hupenda mzichanganye. Baraza la gombolola linaweza kupitisha azimio kwamba linataka yadi. Bodi ya Ardhi ya Wilaya ndiyo inayogawa ardhi ya wilaya isiyo na mwenyewe, na kikatiba haichukui amri ya baraza wala ya mtu. Kamati ya mipango ya ardhi na majengo, iliyowekwa na Sheria ya Mipango ya 2010, ndiyo inayosema kama ujenzi unaruhusiwa mahali hapo. Na NEMA ndiyo inayosema kama kinamasi kinaweza kuguswa. Chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 hakuna anayeruhusiwa kukausha, kujaza wala kujenga kwenye kinamasi bila idhini yake. Mara nyingi nimekuta mradi una karatasi ya ofisi moja tu, na mwenye mradi anaitembeza kama vile ndiyo zote.

Nyingine nimezikuta hazina hata hiyo moja. Diwani alisikia jambo likizungumzwa kwenye kamati, akarudi kijijini akasema limepita.

Kuna atakayewaambia pale ni shamba la babu yake na amemuuzia mwekezaji. Huenda ni kweli babu alilima ukingoni. Lakini hata mwenye ardhi yenye kinamasi ndani yake hawezi kukijaza bila idhini. Na akitoa hati, tazameni tarehe yake. Baraza la mawaziri liliamua mwaka 2014 kwamba hati zilizotolewa ndani ya vinamasi baada ya Katiba ya 1995 zifutwe. Ufutaji wenyewe unakwenda polepole, hilo nalikubali. Ila mwenye hati kama hiyo anajua amekalia nini, na benki pia inajua.

Kwa hiyo ombeni karatasi. Acheni kuuliza "mna nia gani na kinamasi chetu", maana jibu la swali hilo ni hotuba. Ombeni kumbukumbu za kikao cha baraza kilichojadili yadi, zikiwa na tarehe na majina ya waliohudhuria. Ombeni barua au uamuzi wowote wa Bodi ya Ardhi. Ombeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na cheti cha NEMA chenye masharti yake. Mna haki hiyo chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, kunyamaza huko ni sawa na kukataa, na ni jambo mnaloweza kulipeleka mahakamani.

Hapa kuna mtego mdogo ambao wenzenu walishanaswa nao. Shirika la Greenwatch lilikwenda Mahakama Kuu kudai mkataba wa umeme wa bwawa la Bujagali, na hukumu ikatoka 2002. Jaji akakubali kwamba mkataba ule ulikuwa hati ya umma. Lakini haki ya kupata habari katika Katiba ni ya raia, na shirika halikuwa limeonyesha kwamba lenyewe ni raia. Likaondoka bila ilichokitafuta. Basi ombi lenu lisiwe kwa jina la kikundi peke yake. Andika jina lako, namba ya kitambulisho chako cha taifa, na ubandike nakala ya kitambulisho nyuma.

Jambo jingine dogo: sheria za Uganda zilichapishwa upya na toleo hilo likaanza kutumika Julai 2024, na namba za vifungu vingi zimehama. Ukiandika kifungu ulichokiona kwenye kitabu cha zamani, mwanasheria wa upande wa pili atafurahi sana. Taja jina la sheria na jambo lenyewe. Inatosha.

Mkiipata ripoti ya mazingira msiogope unene wake. Anzeni nyuma. Tazameni viambatisho kwanza, mtafute ile karatasi yenu. Kisha tafuteni tarehe wataalamu walipofika. Kama walikuja Januari kiangazi kikiwa kikali, wakaandika kwamba eneo ni "majani yenye unyevu wa msimu", mnajua cha kujibu; pigeni picha mvua za Aprili zikifika. Tazameni ramani: mpaka wa yadi umeanzia wapi, na kisima chenu, pale mnapochota maji, kipo au hakipo? Kisima kisichoonekana kwenye ramani hakipo kwenye mawazo ya mtu yeyote Kampala. Halafu someni orodha ya wanyama na ndege. Niliwahi kupewa ripoti ya kinamasi cha mashariki ambayo ukurasa mmoja ulitaja mji wa magharibi, kwa sababu mwandishi aliinakili kutoka kazi yake nyingine akasahau kufuta. Tuliuweka ukurasa huo juu ya meza ya kikao. Hatukuhitaji kusema mengi.

Kama cheti hakijatoka, bado mna nafasi ya kutoa maoni kwa maandishi na kuomba kikao cha hadhara kiitwe. Kama tipa zinamwaga kabla ya cheti, hilo tayari ni kosa, na NEMA ina uwezo wa kuamuru kazi isimame na hata kumwamuru mtu kurejesha mahali palivyokuwa kwa gharama yake. Ndiyo maana nataka namba za tipa. Tarehe, saa, namba, rangi, mzigo umemwagwa wapi, picha moja kutoka mahali palepale kila siku. Chagueni mti mmoja au nguzo ya umeme, mpiga picha asimame hapo kila mara, ili mtu asiyewahi kufika Busia aone maramu yanavyosogea. Na msigombane na dereva. Yeye amelipwa kwa safari, hajui NEMA wala LC.

Sasa korongo. Nimefurahi umewataja, na nimefurahi zaidi kwamba umehesabu jozi badala ya kusema "wengi sana".

Huyu ndiye ndege aliye kwenye bendera yetu, ng'aali kwa Waganda, na tangu 2012 yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Watoto wa shule wote wanajua kumchora. Asichokijua mtu wa ofisini ni kwamba ndege huyu anahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji yaliyosimama yenye nyasi ndefu na matete ya kuficha kiota, na uwanda wa nyasi fupi au shamba karibu yake wa kutafutia panzi na mbegu. Hutaga mayai mawili au matatu juu ya rundo la majani aliloliponda mwenyewe, huyaatamia mwezi mmoja hivi, kisha vifaranga hutembea na wazazi majanini miezi miwili mitatu kabla hawajaruka. Kinamasi kikijazwa upande wa barabara tu, kiota kitakuwa bado kina maji, lakini honi na taa za malori usiku kucha zitakuwa hatua chache kutoka hapo. Jozi haitafia pale. Itaondoka, na mwaka unaofuata mtaalamu atakuja aandike: hakuna korongo.

Andikeni basi. Daftari moja, mtu mmoja mwenye macho mazuri, asubuhi moja kila wiki: wazazi wawili, vifaranga wangapi, wako upande gani, wanalala mti gani. Korongo wenye taji wanaweza kulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wengine hawaliwezi, kwa hiyo na mti wa kulala ni sehemu ya makao yao. Msikisogelee kiota kwa ajili ya picha. Na mahali halisi pa kiota msipaandike kwenye barua wala kwenye makundi ya WhatsApp. Vifaranga vya korongo hukamatwa na kuuzwa, na adui wa kiota mara nyingine ni kijana wa kijiji hichohicho aliyeahidiwa pesa kidogo.

Lakini niseme jambo ambalo watu wa ndege wataninunia. Kwenye kikao cha gombolola, msianze na korongo. Anzeni na kisima. Diwani ana wapigakura, na wapigakura wake wanachota maji. Hesabuni madumu: siku moja ya kiangazi, kuanzia alfajiri hadi jioni, mtu akae kisimani na kalamu. Ni kaya ngapi, madumu mangapi, wanatoka vijiji gani. Mkifika barazani mkasema kaya kadhaa za miluka miwili ya gombolola hunywa hapa, na oili ya malori itateremkia hapa, mtaona vichwa vinanyanyuka. Korongo huleta waandishi wa habari kutoka Kampala. Kisima huleta madiwani. Mnawahitaji wote wawili, ila kila mmoja kwa siku yake.

Kuhusu vijana na barabara, nawaomba uwasomee sehemu hii polepole.

Aprili 2007 watu waliandamana Kampala kupinga hekta 7,100 za msitu wa Mabira kupewa kiwanda cha sukari. Hoja yao ilikuwa nzuri na nchi nzima ilikuwa nao. Watu waliitana kwa ujumbe wa simu wasinunue sukari ile, na ufalme wa Buganda ukajitolea kutoa ardhi nyingine ili msitu uachwe. Siku ya maandamano mambo yakaharibika. Watu wakafa, akiwemo mtu mmoja mwenye asili ya Kihindi aliyepigwa mawe barabarani bila kosa lolote. Mpango uliwekwa kando, halafu 2011 ukaibuliwa tena bei ya sukari ilipopanda. Msitu upo mpaka leo. Ila ukimuuliza mtu wa makamo kuhusu Mabira, kabla ya msitu anakumbuka damu.

Busia ni mpaka. Ukifunga barabara ile kwa saa mbili, malori yatasimama hadi upande wa Kenya, na jambo lenu litakuwa limetoka kwa ofisa mazingira likaingia kwa kamanda wa polisi na RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Hapo hamzungumzi tena mafunjo. Mnazungumza dhamana. Kama mnataka watu waonekane, wapelekeni kwenye kikao cha baraza. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, na sheria inataka baraza likae angalau mara moja kila miezi miwili. Akina mama arobaini wamekaa kimya kwenye viti vya nyuma, kila mmoja na mkeka uliokunjwa magotini, ni mandhari ambayo spika wa baraza haisahau. Mkitaka mkutano wa hadhara, pelekeni barua polisi siku tatu kabla. Kile kifungu cha sheria ya 2013 kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Machi 2020, lakini kituoni bado watawauliza barua iko wapi. Iwe mfukoni.

Halafu kuna hili la malori lenyewe. Nimepita Busia. Malori yanapanga foleni kandokando ya barabara, madereva wanapika chini ya trela, watoto wa shule wanapita katikati ya magurudumu. Gombolola halina wazimu kutaka yadi. Linataka yadi na linataka ushuru wake, na sehemu ya ushuru huo ingenunua dawa za zahanati yenu. Mkienda kusema "hapana" tupu, mtaonekana watu wa kupinga maendeleo, na maneno hayo hapa kwetu hushika kama gundi. Nendeni na mahali pengine. Tembeeni na mzee anayejua mipaka, mtafute ardhi ya juu, kavu, ambayo mwenyewe yuko tayari kuzungumza, mkapime umbali wake kutoka barabara kuu kwa mita ya boda boda. Ekari ngapi, njia ipo au haipo. Karatasi moja inatosha. Mwekezaji naye akifanya hesabu ya maramu ya kujazia shimo lisilojaa, huenda akawashukuru kimyakimya.

Nifike sasa mahali pasipopendeza. Je, ndani ya kikundi chenu hakuna anayelima mpunga au magimbi ndani ya kinamasi?

Nauliza kwa sababu swali hilo litaulizwa na upande wa pili, tena kwa sauti, mbele ya watu. Na NEMA ikija haiji kwa mwekezaji peke yake. Mliona Lubigi, Kampala, 2024: nyumba za watu maskini zilibomolewa kinamasini, na wengi wakauliza mbona majengo makubwa yamebaki. Swali zuri, lakini nyumba zilikuwa zimeshaanguka. Kanuni za vinamasi za 2000 zina ahueni kwenu: kukata mafunjo na matete, kuchota maji ya nyumbani, kuchuma dawa za miti, kuvua kwa migono na mikuki, yote hayo ni matumizi ya jadi yasiyohitaji kibali. Hata kilimo kinatajwa, mradi kisizidi robo ya kinamasi. Lakini robo hiyo ni ya wote kwa jumla, kila mtu akihesabu yake mwenyewe kinamasi kimekwisha. Kaeni ninyi kwa ninyi kwanza. Anayelima hadi kwenye mkondo wa maji arudi nyuma, na kanuni zilezile zimeweka mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo, 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Mkishapima na kuweka alama zenu wenyewe, andikeni hilo pia kwenye barua. Wachache sana hufanya hivyo, na ofisa mazingira mwenye akili ataona.

Walioitaka njia hii wakaiweza wapo. Bigodi, kando ya mbuga ya Kibale, wanakijiji waliunda chama chao mwaka 1992 kutunza kinamasi cha Magombe, na hadi leo wageni hulipa kutembezwa humo kuangalia nyani na ndege, pesa zikabaki kijijini. Busia si Kibale, watalii hawatamiminika kuangalia mpaka. Ila mikeka yenu ni biashara inayotegemea kinamasi hai, na mapato yake mnaweza kuyaandika shilingi kwa shilingi. Fanyeni hivyo. Baraza linaelewa shilingi.

Korti mmeitaja wenyewe pale mwisho wa barua yako ndefu, sehemu niliyoifupisha hapo juu. Naam, ipo. Ibara ya 50 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine, na mazingira safi ni haki chini ya ibara ya 39. Kule Butamira, Busoga, shirika la ACODE lilishtaki 2004 baada ya hifadhi ya msitu kutolewa kibali kwa kiwanda cha sukari cha Kakira, na 2005 Mahakama Kuu ikasema serikali ilivunja amana kwa kutoa kibali bila ridhaa ya wananchi wa pale. Hukumu hiyo ni silaha yenu, mwambieni wakili aitafute. Lakini saa ya mahakama inakimbia: mkitaka uamuzi wa ofisi upitiwe na mahakama, kanuni zinawapa miezi 3 tangu jambo litokee, na tangu 2019 jaji atauliza kwanza kama mlimaliza njia za ofisini. Ndiyo maana barua zenu zenye mihuri si urasimu wa bure. Ndizo zitakazoonyesha kwamba mlibisha hodi kila mlango. Hesabuni miezi hiyo tangu siku azimio lilipopita, si tangu siku mliposikia, ili msije mkabishana na kalenda.

Na mkishinda, msitupe faili. Juni 2019 tangazo la gazetini lilionyesha kampuni ya kigeni inaomba kujenga bwawa la umeme karibu na maporomoko ya Murchison. Watu wa utalii wakapiga kelele, na Agosti serikali ikasema mpango umekataliwa. Kabla ya mwaka kwisha serikali hiyohiyo ikaruhusu upembuzi yakinifu ufanyike. Kwenye msitu wa Bugoma nako, baada ya miaka ya mvutano kati ya mamlaka ya misitu na waliokodishwa ardhi, cheti cha NEMA cha kuruhusu kilimo cha miwa kilitoka Agosti 2020. Wazee wako wanaosema serikali ikishaamua imeamua wangetazama mifano hiyo vizuri: serikali huamua, hubadili, huamua tena.

Wiki hii fanya mambo mawili. Barua ya karatasi ya soda, na namba za tipa. Mengine yatafuata.

Halafu nikuulize. Kamati ya LC1 ina watu kumi, na mmoja wao ni katibu wa uzalishaji na hifadhi ya mazingira. Kiti hicho kipo kwenye kila kijiji cha Uganda, na karibu kila kijiji nilichofika watu hukuna kichwa ninapouliza kimekaliwa na nani. Kwenu ni nani? Mtafute leo jioni, umwambie barua inaanza na saini yake.